Kuhama kutoka LineageOS kwenda GrapheneOS kwenye Pixel: mwongozo kamili wa kuhifadhi nakala na kurejesha kila kitu

Ukibadilisha mfumo wa simu, kila ulichoweka ndani kinafutika. Hakuna njia ya kukwepa, na wala si kasoro. Data ya Pixel imefumbwa kwa ufunguo unaolindwa na chipu ya usalama iliyo ndani ya simu, ambayo kuanzia Pixel 6 inaitwa Titan M2. Butiloda, ile programu ndogo inayoamsha simu kabla ya mfumo wenyewe, ikifunguliwa au ikifungwa, ufunguo huo unaharibiwa makusudi. Kinachobaki ni takataka zisizosomeka. Fundi wa Kariakoo hawezi kuzirudisha, wa Luthuli Avenue hawezi, na kiwanda kilichotengeneza simu hakiwezi.

Kwa hiyo kazi kubwa ya kuhama inafanyika kabla hujagusa mfumo mpya. Usakinishaji wenyewe ni nusu saa hivi. Kuandaa nakala vizuri kunachukua jioni nzima, na jioni hiyo usiifupishe.

Mfano tunaoufuata hapa ni Pixel 7, simu ya Google, yenye LineageOS inayohamia GrapheneOS; yote miwili ni mifumo mbadala iliyojengwa juu ya Android. Hatua za nakala ni zilezile kwa karibu kila simu ya Android. Za usakinishaji ndizo zinazobadilika, na tutasema wapi.

Kwa nini hakuna nakala moja inayobeba yote

Wengi huanza kwa kutafuta kitufe kimoja cha kunakili simu nzima. Zamani watu walitumia TWRP, programu ya kunakili na kurejesha inayowaka nje ya mfumo wenyewe: unapiga picha ya mfumo wote, mambo yakiharibika unairudisha. Njia hiyo ilifaa kurudi kwenye mfumo uleule, si kuhamia mwingine. Hifadhidata ya namba za simu, ya SMS na ya mipangilio hutunzwa na programu za mfumo, na kila mfumo husaini programu zake kwa ufunguo wake. Ukimwaga data ya LineageOS ndani ya GrapheneOS, programu hizo zitaanguka mfululizo au simu itazunguka kwenye nembo bila kuwaka. Tena TWRP haikuwahi kunakili hifadhi ya ndani yenye picha na video, na wapo waliogundua hilo wakiwa wamechelewa.

Amri ya `adb backup` (adb ni programu ya kompyuta inayoiagiza simu kupitia waya wa USB) nayo usiitegemee. Tangu Android 12, programu zilizotengenezwa kwa ajili ya toleo hilo na yanayofuata haziingii humo. Faili litatoka, litakuwa na ukubwa wa kuridhisha macho, lakini programu unazozihitaji zaidi hazimo.

Kisha kuna programu zinazofumba data zao kwa funguo zilizomo ndani ya chipu. Hata ukinakili folda zake zote, ufunguo haunakiliki. Ndiyo maana Signal, programu za benki na nyingi za namna hiyo zina njia zao zenyewe za kuhama, na usipozifuata hakuna mlango wa nyuma.

Vitu vya kuwa navyo

Kompyuta yenye Windows, Linux au macOS, na nafasi tupu ya angalau GB 32 kwa ajili ya usakinishaji, mbali na nafasi ya data yako. Waya wa USB unaopitisha data; nyaya nyingi za bei nafuu zinapitisha chaji peke yake, na simu haitaonekana kabisa kwenye kompyuta. Chomeka moja kwa moja kwenye kompyuta, usipitie kigawanyo cha USB. Flashi au diski ya nje iliyofomatiwa exFAT, kwa sababu FAT32 haipokei faili linalozidi GB 4 na video moja ndefu inaweza kukwamisha unakili wote. Chaji ya simu iwe juu ya asilimia 60, na kama umeme wa mtaani kwenu una tabia ya kukatika, fanyia kazi kwenye laptopu yenye betri nzima.

Faili la mfumo lina zaidi ya GB 1, basi andaa bando kabisa au nenda penye Wi-Fi.

Daftari na kalamu. Kuna maneno na namba ambazo zikibaki ndani ya simu zitafutika pamoja nayo.

Picha, video na nyaraka

Kuburuta folda kwa kipanya ni kwepesi, ila kunakwama kwenye folda zenye maelfu ya picha na mara nyingi kunabadilisha tarehe za faili. Tumia adb. Kwenye simu ingia Mipangilio, kisha Kuhusu simu, gusa nambari ya muundo mara 7, halafu kwenye chaguo za wasanidi programu washa utatuzi wa USB. Chomeka waya, kubali ombi litakalotokea kwenye kioo, kisha kwenye kompyuta:

`adb devices`
`adb shell du -sh /sdcard`

Amri ya pili inakuonyesha ukubwa wa mzigo. Sasa vuta folda mojamoja:

`adb pull -a /sdcard/DCIM .`
`adb pull -a /sdcard/Pictures .`
`adb pull -a /sdcard/Download .`
`adb pull -a /sdcard/Documents .`
`adb pull -a /sdcard/Recordings .`

Fanya hivyohivyo kwa Movies, Music na folda nyingine yoyote uliyoitengeneza. Usivute `/sdcard` yote kwa mkupuo: faili moja lisilosomeka linaweza kusimamisha zoezi zima, nawe ukadhani limekamilika. Alama ya `-a` inatunza tarehe za faili. Picha za kamera zina tarehe yao ndani, lakini picha zilizoletwa na WhatsApp hazina. Zina tarehe ya faili tu na jina la mtindo wa `IMG-20240115-WA0003.jpg`. Ukipoteza tarehe ya faili, picha za miaka mitano zinajipanga kwenye matunzio kana kwamba zote zilipigwa leo.

Kisha hesabu. Usiruke hapa:

`adb shell "find /sdcard/DCIM -type f | wc -l"`

Alama za nukuu zinafanya hesabu ifanyike ndani ya simu, hivyo inafaa hata kwenye Windows. Linganisha na idadi ya faili katika folda iliyofika kwenye kompyuta. Simu ikisema 4,312 na kompyuta ikisema 4,290, picha 22 hazijafika. Rudia hiyo folda. Baada ya hapo fungua picha kadhaa na video mbili tatu ukiwa kwenye kompyuta, zile za zamani na za karibuni, uone zinacheza hadi mwisho.

Pixel haina sehemu ya kadi ya kumbukumbu, lakini wenye simu nyingine waangalie jambo moja: kadi ikiwa imefomatiwa kama hifadhi ya ndani, imefumbwa kwa ufunguo uliomo ndani ya simu. Simu ikifutwa, kadi nayo haisomeki tena, hata kama hukuigusa. Nakili vilivyomo kwanza.

WhatsApp

Hapa ndipo watu wengi wanapoumia, kwa sababu humo mna michango ya familia, vikao vya kikoba, risiti, na sauti za wazee ambao wengine wametangulia. Tuende taratibu.

Ingia kwenye mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya gumzo, kisha nakala ya gumzo, na uamuru nakala mpya. Usitegemee ile inayojifanya yenyewe usiku wa manane, kwa sababu ujumbe wa leo haumo. Ukiona umewasha ufumbaji wa nakala, hakikisha unalo nenosiri lake, au ule ufunguo wa herufi na tarakimu 64 ulioandikwa kwenye daftari. Ikiwa umechagua njia ya ufunguo unaotunzwa na akaunti yako ya Google, badilisha kwanza uweke nenosiri, kwani kwenye mfumo mpya huenda ufunguo huo usipatikane.

Nakala ya ndani ya simu iko hapa:

`/sdcard/Android/media/com.whatsapp/WhatsApp/Databases`

Faili lenyewe linaitwa `msgstore.db` likifuatiwa na `crypt14` au `crypt15`. Angalia saa yake: iwe ni ya dakika chache zilizopita. Kisha vuta folda nzima, si hilo faili pekee, kwa sababu picha na sauti ziko pembeni yake ndani ya Media:

`adb pull -a /sdcard/Android/media/com.whatsapp/WhatsApp .`

Anayetumia WhatsApp Business atafute `com.whatsapp.w4b` badala yake; folda ni tofauti na nakala haziingiliani.

Nakala ya Google Drive ni nzuri kama ziada, lakini kurejesha kutoka huko kunahitaji huduma za Google ziwe tayari kwenye simu mpya. Nakala ya ndani haihitaji kitu zaidi ya namba yako ileile ya simu, pamoja na nenosiri au ufunguo wa nakala kama uliwasha ufumbaji. Namba hiyo ina maana moja nzito: laini iwe mkononi na iweze kupokea SMS. Jikumbushe pia pini ya tarakimu 6 ya uthibitishaji wa hatua mbili. Aliyeisahau na asiye na barua pepe ya kuibadilisha husubiri siku 7.

SMS, namba za simu na misimbo ya kuingilia

Meseji za M-Pesa, Airtel Money na nyinginezo ni ushahidi wa malipo, usizidharau. Programu ya SMS Import / Export iliyopo F-Droid, duka la programu huria, hutoa meseji na orodha ya simu zilizopigwa kwenye faili la zip. Namba za simu zitoe kupitia programu ya majina yenyewe, chaguo la kuhamisha kwenda faili la `.vcf`. Kabla ya hapo angalia majina yako yanakaa wapi, kwani mengine huwa kwenye simu, mengine kwenye laini, mengine kwenye akaunti ya Google, na faili moja la vcf linaweza kubeba kundi moja tu. Fungua faili hilo kwenye kompyuta kwa programu ya maandishi ya kawaida na uhesabu mistari ya `BEGIN:VCARD`. Kila mmoja ni mtu mmoja.

Misimbo ya tarakimu 6 ya kuingilia barua pepe na akaunti nyingine ndiyo inayofungia watu nje. Kama unatumia Aegis, programu inayotunza misimbo hiyo, toa faili lililofumbwa kwa nenosiri na ulinakili kwenye kompyuta. Google Authenticator inatoa msimbo wa QR wa kuhamisha, lakini huo husomwa na simu nyingine, hivyo azima simu ya ndugu unayemwamini kwa saa chache. Pakua pia misimbo ya dharura ya akaunti yako kuu ya barua pepe na uiandike daftarini.

Signal ina nakala yake yenyewe ndani ya mipangilio. Iwashe, andika neno la siri refu inalokuonyesha, kisha hamisha faili lake kwenda kwenye kompyuta. Bila neno hilo faili halifunguki. Telegram iko kwenye seva zao, isipokuwa mazungumzo ya siri, ambayo hayahamishiki kabisa.

Pesa za mtandao na benki

Salio la pesa za mtandao liko kwa kampuni ya simu, halimo ndani ya simu yako, na menyu ya *150*00# kwa Vodacom Tanzania au *334# kwa Safaricom Kenya itafanya kazi kwenye mfumo wowote. Jaribu menyu hiyo kabla ya kuanza, ili uwe na hakika unaikumbuka pini.

Programu za benki ni habari nyingine. Nyingi hukagua kama mfumo umeidhinishwa na Google. Kwenye GrapheneOS baadhi zinafanya kazi, baadhi zinakataa kufunguka. Waulize wanaotumia benki yako kabla hujahama, na ujue utaratibu wa kuamsha programu upya, kwa sababu benki nyingi huifunga akaunti kwenye kifaa kimoja na zitakuona kama mtu mwenye simu mpya.

Seedvault, kwa kilichobaki

LineageOS na GrapheneOS zote zina Seedvault, programu ya kuhifadhi nakala, ndani yake. Iko kwenye Mipangilio, sehemu ya mfumo, nakala. Chomeka flashi kwenye simu kwa kiunganishi cha USB-C, ichague kama mahali pa kuhifadhi, na itakupa maneno 12. Yaandike daftarini kwa mpangilio wake, uyasome tena kwa sauti. Usiyapige picha kwa simu hiyohiyo.

Seedvault itabeba programu na data za zile zinazokubali kunakiliwa. Programu inayokataa itaonyeshwa kwenye orodha. Ipitie yote uone zipi zinahitaji mkono wako. Sehemu yake ya kunakili mafaili bado ni ya majaribio, ndiyo maana picha tumezivuta kwa adb. Na kwa vile matoleo ya Seedvault kwenye mifumo miwili hayalingani daima, ichukulie kama nyongeza. Kila cha thamani kiwe tayari kimehifadhiwa kwa njia nyingine.

Ukimaliza, nakili folda yote ya kompyuta kwenda kwenye diski ya nje. Nakala mbili, sehemu mbili. Halafu ondoa akaunti ya Google kwenye simu kama unayo, ili siku ukirudi kwenye mfumo wa kiwandani usizuiwe.

Kusakinisha

Wanaotoka LineageOS butiloda yao tayari iko wazi. Anayetoka mfumo wa kiwandani lazima kwanza awashe ruhusa ya OEM, yaani ya kufungua butiloda, kwenye chaguo za wasanidi programu. Kitufe hicho kikiwa kimefifia hata baada ya kuunganisha intaneti, huenda simu ilifungwa na kampuni ya simu ya Marekani, kama ilivyo kwa Pixel nyingi zilizouzwa na Verizon. Hiyo haitabadilishwa mfumo. Kagua hili dukani kabla ya kulipia Pixel iliyotumika.

Fungua grapheneos.org/install/web kwenye Chrome, Edge au Brave, katika dirisha la kawaida, si la faragha. Kwenye Ubuntu, Chromium inayokuja kama Snap huwa inasumbua. Zima simu, washa huku umeshikilia kitufe cha kupunguza sauti, hadi uone pembetatu nyekundu na maneno Fastboot Mode. Hapo ndipo mahali pake. Usibonyeze tena kitufe cha kuwasha. Kwenye Windows, simu isipoonekana, ingia kwenye masasisho ya hiari ya Windows Update na usakinishe kiendeshi cha Android.

Ukurasa wenyewe utakuongoza: kufungua butiloda kama bado, kupakua mfumo, kuuandika. Wakati wa kuandika simu itajizima na kujiwasha mara kadhaa. Iache. Waya usiguswe.

Uandishi ukiisha, funga butiloda kabla ya kurejesha chochote. Kufunga kunafuta simu tena. Anayerudisha picha zake kwanza, kisha akakumbuka kufunga, atazifuta zote na kuanza upya. Bonyeza kitufe cha kufunga kwenye ukurasa, kisha uthibitishe kwenye simu kwa vitufe vya sauti na cha kuwashia. Simu ikiwaka itaonyesha onyo la rangi ya njano lenye mfululizo wa herufi na tarakimu. Ulinganishe na ule wa modeli yako uliochapishwa kwenye tovuti ya GrapheneOS.

Anayeelekea upande wa LineageOS afanye kinyume: asifunge butiloda kamwe, kwani simu inaweza kukataa kuwaka. Programu za Google aziweke kwa `adb sideload` kabla simu haijawaka mara ya kwanza. Na asishtuke kompyuta ikisimama kwenye asilimia 47, hiyo ni kawaida. Asome kilichoandikwa kwenye kioo cha simu.

Kurejesha, kwa mpangilio huu

Seedvault hutangulia, kwa sababu mfumo unaiuliza wakati wa maandalizi ya mwanzo. Chomeka flashi, ingiza maneno 12. Ikiwa uliruka hatua hiyo, fungua kipiga simu na uandike `*#*#7378673#*#*`.

Pili, majina na SMS. Hamisha faili la vcf kwenye simu na ulifungue kwa programu ya majina. Kwa SMS, programu ya kurejesha lazima iwekwe kwa muda kuwa ndiyo ya meseji. Ikimaliza, rudisha ile ya kawaida, la sivyo meseji mpya hazitakuja vizuri.

Tatu, picha, kwa `adb push`, ukishawasha tena utatuzi wa USB kama ulivyofanya mwanzo. GrapheneOS haikubali muunganisho mpya wa USB kioo kikiwa kimefungwa, hivyo fungua kioo kabla ya kuchomeka waya.

Nne, WhatsApp. Isakinishe, usiifungue. Kwanza weka folda mahali pake:

`adb shell mkdir -p /sdcard/Android/media/com.whatsapp`
`adb push WhatsApp /sdcard/Android/media/com.whatsapp/`

Hakikisha haikuwa `WhatsApp/WhatsApp`, kosa ambalo hutokea folda ikiwa tayari ipo na mtu akavuta iliyo ndani ya nyingine. Ipe WhatsApp ruhusa ya mafaili na picha kwenye mipangilio ya programu, ndipo uifungue na uthibitishe namba. Itakuambia imepata nakala, pamoja na ukubwa na tarehe yake. Isipoipata, usibonyeze kuruka. Ukiruka, inaanza upya na baadaye itaandika nakala mpya tupu. Ifunge, iondoe, kagua folda na ruhusa, kisha rudia, lakini usiombe msimbo mara nyingi mfululizo kwani utasubirishwa kwa saa kadhaa.

Signal, Aegis na benki zifuate baada ya hapo. Jaribu kuingia kwenye akaunti yako ya barua pepe kwa msimbo wa Aegis ukiwa bado umeingia kwenye kompyuta, ili kama kuna hitilafu bado una mlango wazi.

Zima utatuzi wa USB. Kwenye chaguo za wasanidi programu hakikisha ruhusa ya OEM imezimwa.

Folda iliyo kwenye kompyuta iache ilivyo kwa wiki mbili au tatu. Mara nyingi kitu kilichosahaulika hujulikana siku mtu anapokihitaji: rekodi ya sauti, daftari la madeni, picha ya kitambulisho. Ukiamua kurudi kwenye mfumo wa kiwandani, tangulia na `fastboot erase avb_custom_key` butiloda ikiwa wazi, ili ufunguo wa GrapheneOS usibaki kwenye simu, na nakala zote uzichukue upya, maana kufungua butiloda kutaifuta simu kama mwanzo.